Mwali Alivyotolewa Kwenye Pamba

Kidawa alitwanga mtama wake wa mwisho kabla jua halijatoka. Mwingine uliliwa na nguruwe, maana watu wote wa vilima vya Kipatimu walishinda kwenye pamba ya Mdachi, na mashamba yao yalikosa wa kuyalinda. Lakini leo mwanawe Mboni alimaliza kufundwa, na mwali hatolewi bila chakula.

Akaenda kwa Maftaha, mnyapara aliyeletwa kutoka pwani.

"Bwana, nipe ruhusa ya leo tu. Namtoa mwali."

"Pamba inaanguka chini, wewe unaniletea habari za ngoma?"

"Nitafidia kesho."

"Ngoma zimekatazwa. Wadachi wanasema mnaitana vitani." Akamtazama. "Huyo mwali ana mikono?"

Kidawa akajua amejiponza.

Aliporudi nyumbani, askari waliotumwa na Maftaha walikuwa wameshatangulia. Bibi Tawakali, kungwi wa Mboni, alisimama mlangoni.

"Humu haingii mwanamume!"

Wakamsukuma akaanguka. Mboni akaburutwa juani bila mafuta mwilini, bila nguo mpya. Ngoma ya mjomba wake, Likwata, ikachanwa kwa singe. Likwata akaangalia tu, mikono imening'inia. Wote wakaswagwa hadi shambani.

Wanawake waliokuwa wakichuma wakamwona mwali mabega wazi, kikapu mkononi. Kidawa akavua kaniki yake ya juu, akamfunika. Kisha akapiga kigelegele.

Mmoja akamwitikia, halafu wengine. Vikapu vikawekwa chini. Wakamzunguka Mboni, wakapiga makofi mahali pa ngoma, wakaimba wimbo wa kumtoa.

"Rudini kwenye mistari!" Maftaha alipiga kelele. "Mnaimba nini?"

"Tunamtoa mwali," Kidawa akajibu, akaendelea kuimba.

Askari akamvuta, akamlaza kifudifudi katikati ya mipamba. Kiboko kikaanza. Wimbo ukayumba, sauti zikapungua moja moja, mwisho ikabaki milio ya kiboko na pumzi za Kidawa.

Siku zote za kufundwa, Mboni alikuwa ameambiwa kwamba mwali huinamisha macho mbele ya wanaume. Sasa aliinua uso, akamkazia macho askari yule, pigo kwa pigo, wala hakupepesa.

Bibi Tawakali alikuwa kando yake, akamwona. Hakumkemea.