Siku Antivairasi Ilipokataa Uso wa Kyalo

Jumamosi hiyo saiba alimofanya kazi Loise, duka la kompyuta na intaneti ghorofani karibu na steji ya Machakos, ilijaa watu wasiokuwa na barua pepe hata moja. Walikuja kuona sinema ya bure: Munyiva akitolewa mbuzi kwa kompyuta.

Mambo yalikuwa hivi. Kyalo, bwanake Munyiva, alikuwa Doha akiendesha kreni. Walikuwa wamekaa pamoja na kuzaa mtoto, lakini mbuzi wa ntheo, wale wa kumposa mke, hawakuwahi kufikishwa kwao Munyiva, na Mkamba yeyote atakwambia: bila mbuzi hao huna mke, una mgeni aliyekawia kuondoka. Babake Kyalo alishafariki, kwa hivyo neno lilibaki kwa baba yake mdogo, Mzee Kimeu wa Kyumbi, naye alikuwa na msichana wake aliyetaka Kyalo amwoe, wa Athi River.

"Kyalo aniambie mwenyewe, nikimwona uso," alikuwa amesema. "Sio simu. Kwa simu hata mimi naweza kujiita Kyalo."

Mbuzi alikuja nao. Walikuwa chini, wamefungwa kwenye grili ya duka la mbegu. Wakikosa kwenda kwa kina Munyiva leo, alisema, wanapanda pikapu kwenda Athi River, na Munyiva arudi kwao na mtoto wake.

Sasa, Loise alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Mwenye saiba alikuwa ametia antivairasi mpya, kali kama askari wa lango siku ya kwanza kazini, inaona kila kitu ni mwizi. Ilizuia printa. Ilizuia mpaka mchezo wa karata. Ukifungua programu ya kuongea kwa video, kijidirisha kiliruka pembeni kuuliza: iruhusu au izuie? Wiki nzima Loise aliwabonyezea wateja "ruhusu" huku akila njugu.

Leo kijidirisha kiliporuka, Munyiva, na kitambaa chake kipya kichwani, alikuwa amegeuka kumtazama Mzee Kimeu. Loise akanyoosha mkono, akashika mausi, akabonyeza "zuia".

Kisa? Kidogo mpaka aibu. Juzijuzi, kwenye saluni ya Syokau, Munyiva aliziangalia nywele za Loise zilivyokatika akasema, "Kwa hicho kichwa hata chawa atahama." Saluni nzima ikacheka. Loise alicheka pia. Alipofika nyumbani hakula.

Hakutaka mambo yafike mbali. Alitaka tu Munyiva atoke jasho kidogo mbele ya watu, kisha amfungulie.

"Mbona kuko giza?" Munyiva akauliza.

"Ni antivairasi, mami. Inamkataa huyo wako. Labda imeona yeye ndiye vairasi."

Watu wakapasuka. Syokau, aliyemwacha mteja na nusu ya kichwa ili asipitwe, akadakia, "Kompyuta imemjua kabla ya wakwe!"

Kicheko hicho kikamwingia Loise kama chai ya asubuhi ya Julai. Akajifanya anagusa waya. Akazima, akawasha. Kijidirisha hakikuuliza tena, kilishakariri jibu.

"Loise, dadangu, tafadhali. Jaribu ingine."

"Zote ziko na hiyo antivairasi." Na hilo lilikuwa kweli.

Simu ya Munyiva ikalia. Akaiweka spika.

"Baba!" ilikuwa sauti ya Kyalo. "Nimekaa mbele ya kamera hapa nangoja! Ni mimi, peleka mbuzi!"

"Hiyo ni sauti," Mzee Kimeu akasema. "Tulikubaliana uso. Mtu akificha uso, ako na sababu." Akachukua kofia yake.

Munyiva akamshika koti. "Baba, ngoja! Ni mashine! Loise, mwambie ni mashine. Mwambie!"

Macho yote yakahamia kwa Loise. Kubonyeza kidogo tu, antivairasi ilale, Kyalo atokee. Lakini chumba kizima kilikuwa kimenyamaza kumngoja yeye, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumngoja, na utamu huo ukamzidi.

"Mashine ni nzima, mzee," akasema. "Ni huko kwake kumezimwa."

Mzee akashuka. Watu wakakimbilia dirishani kuona mbuzi wakipakiwa, na Munyiva aking'ang'ania mlango wa nyuma wa pikapu mpaka kiatu kimoja kikamtoka. Syokau alikuwa akiwasimulia walioko nyuma.

Kwenye mashine ileile akabaki mteja wa kweli, Hani wa duka la nguo, aliyetaka kuongea na dadake Jeddah. Loise akailaza antivairasi. Hapohapo uso wa mwanamume ukajaa kioo: amenyolewa vizuri, shati jeupe bado lina mikunjo ya pakiti.

"Haloo? Mnaniona sasa? Baba ako hapo?"

"Huyo ni nani?" Hani akauliza.

"Amekosea namba," Loise akasema, akamfunga, akamvutia Hani kiti.