Vidole Vinne kwenye Mkono wa Suti

Pale Chuquimarca, mji wetu mdogo kwenye milima ya Peru, hakuna mwanamume asiye na suti, ilimradi umtazame kwenye picha ya pasipoti. Mkute sokoni: poncho, lile blanketi lenye tundu la kichwa, kofia ya sufu, makatambuga ya tairi, visigino vimepasuka kwa baridi. Mtazame kwenye vyeti vyake: suti ya buluu, kola pana, tai nyekundu imenyooka kana kwamba hajawahi kuinama kuchimba kiazi. Mwalimu, dereva wa lori, mchunga alpaka, hata yule mlevi wa stendi, wote wamevaa suti hiyo hiyo moja. Aliyewavika ni Nilton Ccahuana, mwenye Studio Fortunato, mlango wa pili kutoka kanisani, na kwa jambo hilo alijiona amesitiri watu wengi kuliko padri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja anakaa kwenye stuli, anavua kofia, anapigwa picha, halafu Nilton anamkata kichwa. Anamkata kwenye kompyuta, nukta kwa nukta, akilizunguka sikio, akishuka na shingo, akiupitia kila unywele peke yake. Ukuta na kalenda vilivyo nyuma anavitupa, kichwa anakipachika juu ya suti. Programu ilikuwa na kitufe cha kukata chenyewe, ubonyeze mara moja na mtu atoke, lakini Nilton alikidharau kweli kweli. "Hicho kinakata masikio," alizoea kusema. "Mimi nakata watu."

Suti ilitoka wapi? Hapo ndipo Nilton angependa tubadilishe mazungumzo. Ilitoka kwenye picha ya harusi ya wazazi wake, picha ya zamani iliyopakwa rangi kwa mkono, baba yake Fortunato amesimama wima ndani ya suti na mama yake Saturnina amemshika mkono wa kushoto. Miaka sita nyuma, studio ikiwa changa na mteja wa kwanza akidai suti kabla ya saa sita mchana, Nilton aliiingiza picha ile kwenye kompyuta, akamwondoa mama, akakiondoa kichwa cha baba, akabaki na kiwiliwili safi. Kisha, kwa haraka aliyokuwa nayo, akahifadhi juu ya picha ile ile. Uso wa baba yake ukaenda huko vinakokwenda vitu vya kompyuta, kusikorudika.

Angalau karatasi ilikuwepo nyumbani, ukutani. Masika yaliyofuata paa likavuja juu yake, na karatasi ikawa uji. Mama Saturnina hakulia hata kidogo. "Si iko kwenye kompyuta ya mwanangu," aliwaambia majirani. "Atanitolea nyingine, kubwa zaidi." Fortunato hakuwahi kupigwa picha nyingine maishani. Kila mwaka siku ya kumbukumbu ya kifo chake ilipofika, mama aliuliza picha iko wapi, na kila mwaka Nilton alijibu kwamba wino wa mashine umekwisha. Siku zote hizo alikuwa akiuza suti ya marehemu baba yake mchana kweupe, na usiombe kuwa na siri ya namna hiyo halafu mama yako aje kukuletea chakula cha mchana kazini.

Ukaja uchaguzi wa meya. Kwetu mgombea asiye na suti hapati hata kura ya mkewe. Wagombea walikuwa watatu: Hilario Poma wa chama cha Jembe, Rufino Tacuri wa Chungu, na Abdías Llacta wa Muhindi, ule wa shambani, naye alikuwa amefiwa na mkewe. Kila mmoja aliingia studio peke yake, kwa mlango wa nyuma, akanong'ona maneno yale yale: "Nifanye nionekane mtu." Na kila mmoja alitaka bango refu la kutundikwa uwanjani, aonekane kuanzia kichwani hadi kiunoni.

Hadi kiunoni! Picha ya pasipoti hukomea kifuani, na kwa miaka sita hakuna aliyeiona suti ile chini ya tai. Nilton mwenyewe alikuwa hajaiangalia. Fundi wa kukata hutazama kingo tu, na wiki ile kingo zilikuwa na kazi, maana nywele za Hilario zilikuwa zimelaliwa na kofia kwa miaka arobaini na sasa kila moja ilikwenda upande wake. Kumkata Hilario peke yake kulimla Nilton siku nzima. Alipomaliza alijipongeza kwa soda mbili.

Jumapili asubuhi, soko likiwa limefurika, mabango matatu yalining'inia uwanjani. Nilton alisimama chini ya bango la Hilario akazihesabu nywele. Hakuna iliyoliwa. Akarudi studio akipiga mluzi, na hata hajakaa vizuri akasikia mlango unasukumwa.

"Nilton! Toka humo!" Alikuwa Nérida, mke wa Hilario, na nyuma yake Hilario mwenyewe, kofia mkononi, jasho likimtiririka.

"Karibu, shemeji..."

"Ushemeji uweke kando. Nataka jina."

"Jina la nani?"

"La huyo mwanamke!"

"Mwambie, Nilton," Hilario akasihi. "Mimi simjui. Sijawahi kushikwa na mwanamke, naapa kwa Bikira."

"Hujawahi kushikwa!" Nérida akamgeukia. "Kwa hiyo hii miaka ishirini na miwili nimelala na gogo?"

Alimkokota Nilton hadi uwanjani, akamwonyesha kwa mwavuli. Nilton akatazama. Hakutazama kingo safari hii. Kwenye kiwiko cha kushoto cha suti, juu kidogo ya neno UAMINIFU, vilikuwa vimekaa vidole vinne vya mwanamke, kila kimoja kirefu kama mkate, kimojawapo kimevaa pete ya fedha yenye njiwa wawili. Vilikuwa vimeshika kisawasawa, kama vya mtu anayeogopa kupotezana na mwenzake kwenye umati.

Nilton akaitambua pete. Alikuwa amemkata mama yake akaishia kwenye vifundo vya vidole.

"Hee! Jamani!" Sauti ilitoka chini ya bango la pili, na alikuwa mke wa Rufino. "Hata huyu wangu kashikwa! Nérida, njoo uone, ni yule yule! Pete ile ile!"

Tangu kampeni zianze wanawake wale walikuwa hawasalimiani. Sasa walishikana mikono wakaenda pamoja kulikagua bango la tatu, nalo lilikuwa na vidole vyake. Abdías wa Muhindi, kwa kuwa hakuwa na mke wa kumfokea, alikuwa ameshafika pale zamani, akivitazama kwa matumaini.

"Mwanamke mmoja, wagombea watatu," mke wa Rufino akasema. "Huyo hataki kukosa umeya."

"Hiyo pete naijua mimi," akadakia muuza vitunguu. "Kila Jumapili inanipimia mahindi ya kuchemsha."

Uwanja mzima ukageuka kuitazama meza ya mahindi ya Mama Saturnina. Nilton akatamani ardhi ipasuke immeze, ila ardhi ya Chuquimarca ni ya mawe, haipasuki kwa ajili ya mtu yeyote. Mama alikuwa anakuja. Alijifuta mikono kwenye aproni, akaiweka sawa kofia yake, akasimama chini ya bango la Hilario, akatazama juu kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka sitini na saba na hakuwa na haraka.

"Mama Saturnina," Nérida akasema, sauti imepungua ukali, "hivi ni vidole vyako?"

Mama akainua mkono wake. Njiwa wawili wakang'aa juani.

"Ni vyangu. Vyote vinne. Cha gumba kiko upande wa nyuma."

"Na unamshika mume wangu kwa ruhusa ya nani?"

"Mume wako? Nérida mwanangu, mumeo anaanzia shingoni kwenda juu. Kuanzia tai kushuka chini ni marehemu wangu. Na hao wengine wawili vile vile. Fortunato ndiye anayegombea hapa, ninyi mmemwazima vichwa tu."

Kicheko kilichopasuka kilisikika hadi mtoni. Hilario akajishika kifua. "Yaani nimevaa maiti?"

"Umevaa harusi yangu," mama akamjibu. "Na imekupendeza kuliko hilo tumbo lako. Shukuru." Kisha akamgeukia mwanawe, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Wewe. Twende studio."

Ndani, mama alikaa kwenye stuli ya wateja, kofia mapajani. "Nionyeshe picha."

"Mama, wino..."

"Sijasema uitoe. Nimesema nionyeshe."

Nilton akaifungua. Kwenye kioo kikatokea kiwiliwili cha buluu kisicho na kichwa, na vidole vinne kiwikoni.

"Kichwa kiko wapi?"

Angeweza kudanganya tena. Alikwishadanganya mara sita, ya saba isingemshinda. Lakini mama alikuwa amekaa wima, kidevu juu, kama wanavyokaa watu wanaosubiri kupigwa picha.

"Nilikifuta, mama. Nikahifadhi juu yake. Nyingine hakuna."

"Na mimi?"

"Na wewe. Vimebaki hivyo vidole, na hivyo ni kwa sababu sikuviona."

Alingoja kofi, na angelishukuru. Mama hakupiga. Machozi yalimshuka akayaacha yashuke, na Nilton aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

"Naweza kuweka kichwa changu," akasema kwa sauti ndogo. "Watu husema tumefanana."

"Thubutu uone!"

Mama akapenga kamasi kwenye aproni, akaisogelea kompyuta. Akaitazama suti kuanzia kola hadi kifungo cha mwisho, kama mtu anayeukagua mzigo wa mwenzake.

"Na hii suti uliyoihifadhi kwa bidii," akasema, "baba yako aliivaa lini?"

"Si siku ya harusi?"

"Siku ya harusi baba yako alivaa poncho. Suti angeipata wapi, mchunga mbuzi wa watu? Alikuja mpiga picha mmoja mzee kutoka mji wa Cusco, akatupiga kama tulivyo, akaondoka, akarudi baada ya miezi mitatu na picha. Nikamkuta baba yako kavaa suti. Alicheka hadi akapaliwa. Akauliza, 'Huyu bwana anayemuoa mke wangu ni nani?'"

Nilton aliivuta picha ikawa kubwa, akaenda shingoni, mahali ambapo mwenyewe alipita na kukata miaka sita iliyopita. Na hapo, chini ya kola, akauona mstari mwembamba wa brashi. Shingo ya baba yake ilikuwa imepachikwa tangu zamani. Yeye, fundi wa kingo, aliyejitapa mbele ya wilaya nzima, alikuwa amekata juu ya ukato wa mtu mwingine asijue. Mzee yule alikuwa na wembe na brashi tu, na alama aliyoacha ni hiyo moja.

"Lakini uwanjani ulisema ni mkono wa mume wako."

"Wale wanawake walitaka mume, nikawapa mume. Ningewaambia hata mimi simjui mwenye mkono ule, leo ningelala wapi?" Mama akaweka kidole juu ya kioo, kwenye vidole vyake mwenyewe. "Hivi ndivyo mzee alishindwa kuvitoa. Aliipaka suti yote akivizunguka. Poncho la baba yako lilikuwa limelowa mvua, zito, nami nililikamata hivi, kwa nguvu, maana nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani taa ya kamera italipuka." Akakiondoa kidole kwenye kioo. "Sasa hebu fanya kazi unayosema unaijua. Niondolee huyu bwana wa suti. Niachie vidole."

Akatoka. Baada ya nusu saa akarudi na poncho limekunjwa kwapani, jekundu lenye mistari myeusi, likinuka dawa ya nondo. Akaliweka juu ya stuli ya wateja, lipigwe picha.

Nilton amekata maelfu ya watu, lakini hakuwahi kukata kitu kama vile vidole. Kingo zake zilikuwa zimeingiliana na rangi ya mzee wa Cusco, nukta moja ngozi, nukta moja suti. Wiki nzima alifunga mlango saa za mchana, akaandika nje kwamba suti hazipatikani. Alipokosea alirudi nyuma, alipopatia alihifadhi, na kila alipohifadhi alitumia jina jipya, mara mbili, kisha akainakili picha kwenye diski, na diski akampa padri amtunzie.

Jumapili ya uchaguzi Rufino alishinda kwa kura tisa, na kura thelathini na moja ziliharibika kwa kuwa wapigakura waliandika juu yake FORTUNATO. Hilario bado anadai zilikuwa zake.

Jumatatu mama alikuja na kiti na msumari, wakaenda kuitundika picha nyumbani, mahali pale pale palipovuja. Ilikuwa kubwa, kama alivyowaambia majirani. Ubavu wa poncho jekundu ulitokea upande mmoja, umejaa, kana kwamba kuna mkono wa mtu ndani, na vidole vinne vya msichana wa miaka kumi na tisa vilikuwa vimeukamata kwa nguvu. Juu ya poncho kulikuwa kweupe tupu.

Mama aliitazama, akairudia kuitazama, akaipapasa kingo kwa ukucha kutafuta palipoungwa. Hakupaona.

"Na kichwa je, mama?" Nilton akauliza, nyundo mkononi. "Watu wataulizia."

"Kichwa ninacho mimi," mama akasema. "Wewe gongelea msumari."