Punda na Bibi Harusi

Jumanne, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi hiyo mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyorambwa, na upepo ulikuwa umelala kabisa. Mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, mwishoni mwa njia ya kurukia, ulining'inia kama soksi ya mtu aliyekata tamaa. Ilikuwa siku ambayo hata ndege mbaya ingeonekana nzuri, na bila shaka ndiyo maana muuzaji wa ndege mpya aliichagua.

Mzee Mkono alisimama mlangoni mwa banda la ndege na kikombe chake cha chai, akizitazama ndege mbili za kivita zilizoegeshwa bega kwa bega. Jina hilo alipewa kwa ajili ya mkono wake wa kulia, ambao kwa miaka ya kuvuta usukani ulikuwa umenenepa kuliko wa kushoto. Hakuwa mtu wa kuuficha. Hata siku za baridi alikunja mkono wa shati, huo mmoja tu.

Ndege ya zamani waliiita Punda, kwa sababu shukrani ya punda ni mateke. Utambembeleza safari nzima, lakini ukitaka kutua, pua ikiwa juu na kasi imepungua, anakupiga teke kwa bawa la kushoto na kukupindua. Mwaka uliopita alimpiga teke rubani kijana karibu kabisa na ardhi. Kiti kikamrusha nje, Mungu akamhurumia, lakini sasa anatembea kwa magongo na kazi yake ni kuandika kumbukumbu za mikutano.

Ndege mpya waliiita Bibi Harusi. Alikuja amefunikwa turubai, akashikwa kwa glavu, na kila aliyemsogelea aliambiwa asimame mbali kidogo. Muuzaji aliapa kwamba ana kompyuta inayomchunga rubani.

Alasiri hiyo mkuu wa kikosi alitakiwa kupeleka jibu: Bibi Harusi anunuliwe, au Punda akarabatiwe na vijana waendelee kupigwa mateke. Mkuu mwenyewe hakuwa na maoni. Alikuwa na busara ya kivuli, cha kumfuata mtu anakokwenda, na kwa mambo ya ndege mtu huyo alikuwa Mzee Mkono. Naye Mzee Mkono alikwisha kutoa hukumu kabla ya kesi.

"Ndege inayomfikiria rubani kama mgonjwa si ndege," alitangaza. "Ni kitanda cha hospitali chenye mabawa."

"Shemeji," alisema fundi mkuu, aliyemwoa dada yake na tangu siku hiyo hajamwachia apumue, "umepita kwenye ile mashine ya mazoezi, inayomwiga Bibi Harusi hapa hapa chini?"

"Ile michezo ya watoto? Mtu mwenye mvi hafundishwi kutembea."

"Kutembea hafundishwi. Anafundishwa kuanguka."

"Mimi nimepita, afande," alisema rubani wa kiti cha nyuma, akifunga kamba za viatu. Alikuwa binti wa kwanza wa Mzee Mkono, na akivaa sare hakumwita baba hata kwa bahati mbaya.

"Vizuri. Basi kaa nyuma uniombee."

Kikosini palikuwa na desturi: wakishatua, wa mbele ndiye husema, wa nyuma huongeza tu, na hampingi wa mbele mbele ya watu. Desturi hiyo aliianzisha Mzee Mkono, zamani, alipochoka kupingwa.

Kabla ya kupanda aliweka kiganja kwenye ubavu wa ndege, akafumba macho, akasali sala yake ya siku zote: Mungu, nirudishe. Hakuwahi kuomba arudishwe na hekima zaidi. Aliona aliyonayo inatosha.

Walianza na Punda. Usukani wake ni kigingi kirefu kati ya magoti, na ukikata kona kali unataka mikono miwili na meno. Pua ikiinuka sana, kumgeuza kwa mkono ni kujitafutia kaburi; unamgeuza kwa miguu, taratibu, kama mtu anayemhamisha mama mkwe aliyelala. Lakini Punda hafichi kitu. Akikaribia kukuua anatetemeka kwanza, kama muungwana anayebisha hodi. Mzee Mkono alimkatisha kona, akavuta, akatokwa na jasho, akafurahi. Walipokuwa wanatua teke likaja, kama kawaida. Akalizuia kwa mguu na kusema, "Umeona? Anacheza tu."

Kisha wakapanda Bibi Harusi.

Usukani wa huyu ulikuwa mdogo, kando ya mkono wa kulia, na haukusogea. Ulipima tu nguvu ya vidole, halafu kompyuta ikaamua mabawa yafanye nini. Mzee Mkono aliuona kama kupeana mkono na mtu asiyekutaka. Walipaa laini kama maneno ya muuzaji. Mzee Mkono aliinua pua mpaka kiasi ambacho Punda angekuwa ameshawatupa makaburini. Huyu akatulia tu.

"Hana ladha," alisema Mzee Mkono. "Sasa ile kona."

"Afande, kaza mwili kwanza. Huyu anageuka papo hapo."

"Nimekata kona hujazaliwa."

Kila rubani anajua kwamba kwenye kona kali mwili huwa mzito mara kadhaa kuliko kawaida na damu hukimbilia miguuni. Ni lazima ukaze mapaja na tumbo mapema, damu ibaki kichwani. Mzee Mkono alijua pia. Ila kwa miaka yote, aliyemkumbusha alikuwa Punda. Usukani ukianza kuwa mzito mkononi, ndipo mwili wake unakaza wenyewe, bila kuulizwa.

Akavuta kwa mkono ule mnene, kama anamvuta Punda. Bibi Harusi akatii papo hapo, vyote alivyoombwa. Mkono ukasubiri uzito wa usukani. Uzito haukuja mkononi. Rangi ziliondoka kwanza, kisha dunia ikawa tundu dogo la kijivu, kisha hapakuwa na Mzee Mkono.

"Baba. Baba, umeamka?"

Neno hilo ndilo lililomtisha. Akafumbua macho. Ndege ilikuwa sawa, inapanda taratibu. Mkono wake maarufu ulilala mapajani kama samaki wa sokoni.

"Umemnyanyua wewe?"

"Hapana. Pua ilikuwa inatazama ardhi. Nilikuwa ndiyo naushika usukani, akaniwahi. Amejigeuza mwenyewe, akajinyanyua." Kisha sauti yake ikavaa sare tena. "Nitatua mimi, afande."

Alimwachia atue. Njia nzima alifanya hesabu ambayo rubani yeyote angeifanya. Akisema, ni daktari, na huenda asirushe tena. Akinyamaza, desturi yake mwenyewe itamfunga binti mdomo.

Chini walipokelewa kwa makofi.

"Ulivyomnyanyua pale chini!" alipiga kelele muuzaji. "Kama filamu!"

"Mkono huo!" alisema mkuu wa kikosi, akiwaongoza kwenye chumba cha mkutano. Watu wakakaa. Yule kijana aliyepigwa teke na Punda aliegemeza magongo ukutani na kufungua karatasi. "Kompyuta gani ingemwokoa vile?" mkuu aliendelea. "Mimi nasema, kama tuna mikono ya namna hii, ndege mpya ya nini? Punda akarabatiwe. Au unasemaje, mzee?"

Muuzaji akaacha kutabasamu, jambo ambalo wengi hawakujua kwamba linawezekana.

Mzee Mkono alimtazama binti yake. Binti alitazama viatu vyake. Wa nyuma hampingi wa mbele. Mzee akatazama magongo. Kipindi cha mvua, kama Punda angekarabatiwa, huyu binti anayetazama viatu ndiye angekuwa wa kwanza kutua naye.

"Aliyemnyanyua si mimi," alisema. "Mimi nilikuwa nimelala."

"Umelala kivipi?"

"Nimezimia, mkuu. Nilimvuta kama Punda, na sikukaza mwili."

Fundi mkuu, ambaye Mungu alimnyima kipaji cha kunyamaza, akadakia: "Shemeji, ulisema ni kitanda cha hospitali chenye mabawa. Kumbe ulikuwa unauliza kama kuna nafasi!"

Wakacheka. Mzee Mkono aliwasubiri wamalize, na masikio yake yalikuwa yanawaka.

"Andika," alimwambia mwenye magongo. "Bibi Harusi ana kosa. Habishi hodi. Punda anakwambia kila kitu kwa mkono, huyu hakwambii chochote, na mtu aliyemzoea Punda atafanya kama nilivyofanya. Hakuna kumpanda bila mashine ya mazoezi. Lakini andika na hili. Ukizimia ndani ya Punda, mnazikwa pamoja. Asubuhi niliomba nirudishwe. Sikumchagulia Mungu atumie nini."

"Hayo," alisema mkuu wa kikosi, akiitikia kwa kichwa, "ndiyo maoni yangu tangu asubuhi." Akasaini jibu: Bibi Harusi.

"Wa nyuma," alisema Mzee Mkono, "ongeza."

Binti alisimama. "Sina la kuongeza, afande. Ila daktari yupo, na mashine ya mazoezi iko wazi. Mwalimu wa zamu kesho ni mimi."

Fundi mkuu akafungua kinywa. Mkewe angekuwepo angemfinya. Mzee Mkono akamwahi. Alisimama, akakunjua mkono wa shati mpaka kwenye kiganja, akafunga kifungo.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu wote," alisema, "naahidi. Kesho kabla ya chai nitakwenda kwa daktari, na atakalosema nitalikubali, hata akisema nisirushe tena. Akiniruhusu, nitaingia kwenye ile michezo ya watoto kama mwanafunzi wa kwanza. Na mwalimu akinifokea, sitamwambia mimi ni baba yake."