Kibonge Aliyebaki Mifupa

Fundi saa alikuwa na usafi wa kuudhi watu. Mteja akipiga chafya karibu na meza yake, aliifuta meza nzima kwa spiriti kabla ya kumjibu. Kwa hiyo dada yake mkubwa alipovunjika nyonga, akahamia kwa binti yake na kumwachia paka, fundi alijiona amekomolewa.

Paka aliitwa Kibonge. Alikuwa na miaka kumi na minne, na zamani kweli alikuwa bonge. Sasa ulihesabu pingili za mgongo wake kwa macho. Lakini kula! Alilamba sahani mpaka ikasogea sakafuni, kisha akalia aongezwe. Baada ya nusu saa aliyarudisha yote, uji wa kijivu wenye povu na vipande vya samaki, juu ya zulia, juu ya kitanda, na siku moja ndani ya kiatu. Fundi aliingiza mguu. Ule uvuguvugu ulimpanda mpaka kwenye fizi.

Hayo ni ya mbele. Ya nyuma yalikuwa majimaji yenye harufu iliyong'ang'ania mapazia.

"Dada, huyu paka wako anaoza akiwa hai," alilalamika kwenye simu.

"Mpeleke kwa daktari wa mifugo."

"Si uzee tu?"

"Mimi nami mzee. Umewahi kunikuta natapika kwenye viatu vya watu?"

Daktari, mwanamama asiye na haraka, alimwagiza kwa simu aje na choo cha paka, kibichi. Fundi alijifunga kitambaa puani, akachukua kijiko na kichupa, akapiga magoti. Kijiko kilizama na kutoa mlio. Alikimbilia sinki, akatapika chai yote ya asubuhi. Alipoinua uso, Kibonge alikuwa ameketi mlangoni akimtazama.

"Usinicheke," fundi alimwambia, akarudi kumalizia kazi.

Kule kliniki hawakukuta minyoo. Daktari alimpapasa paka shingoni, vidole vyake vikasimama mahali pamoja, kisha akamtoa damu. Kesho yake alieleza: kuna tezi shingoni iliyokuwa ikifanya kazi kupita kiasi, inachoma kila anachokula. Uzee haukuwa na hatia.

"Kidonge asubuhi, kidonge jioni, maisha yake yote. Usikisage. Mfungue mdomo, umsukumie mpaka nyuma ya ulimi."

"Kwa kidole?"

"Kwani una nini kingine?"

Fundi alijikaza kisabuni. Meno ya Kibonge yalikuwa ya kahawia, pumzi yake kama maji ya chombo cha maua yaliyosahaulika, na mate yalivutika kama gundi. Kila siku fundi alikunja uso, na kila siku kidole kiliingia. Wiki ya sita mizani ilionyesha nusu kilo zaidi, na zulia lilikuwa kavu.

Dada mtu akarudi kwake na mkongojo, akampakata paka na kumbusu mdomoni. Fundi akageukia ukutani.

"Mikono yangu inatetemeka, mdogo wangu," dada alisema. "Vidonge vyake sitaviweza."

"Nilijua tu."

Tangu siku hiyo hupita kwa dada yake mara mbili kwa siku, kabla na baada ya kazi. Kinyaa hakijamtoka hata kidogo.