Kuku wa Mhandisi

Kwa miaka thelathini na mmoja mama huyu alikaa mbele ya ubao wa simu wa hospitali kubwa, vitaa vidogo sitini vikimkonyeza kutoka wodini na ofisini, naye akiwaunganisha watu bila kukosea, na kusikiliza kidogo pale mazungumzo yaliponoga. Ndiyo maana hata baada ya kustaafu mtaa mzima ulimwita Opereta. Waliosahau jina hilo lilitoka wapi walikuwa wawili tu, nao ni watoto wake wa kuwazaa.

Mkubwa alikuwa mhandisi wa barabara, na hakuna aliyekaa naye robo saa bila kuambiwa hivyo. Yeye ndiye aliyemletea mama yake oveni ya umeme: swichi mbili za kuzungusha, moja ya kuchagua namna ya kuoka na nyingine ya moto, na katikati saa yenye namba za kuwaka na vitufe vitatu chini yake. Kitabu cha maelekezo hakukifungua. Maelekezo, alisema, huandikiwa wasioelewa.

Opereta aliipenda oveni ile kuliko alivyokiri. Alioka keki, mikate, viazi, na majirani wakaanza kupita kwake kwa visingizio vya ajabu ajabu. Halafu siku moja akaweka mayai jikoni yachemke, akatoka kuzungumza na jirani uani, mazungumzo yakakolea. Maji yakakauka, mayai yakaanza kupasuka na kurukia dari. Yeye alicheka mpaka machozi. Wanawe hawakucheka hata kidogo. Kesho yake Mhandisi alikuja mbio, akasimama mbele ya oveni akiwa amewapa wote mgongo, akabonyeza bonyeza, na alipoulizwa anafanya nini akajibu kwamba anarekebisha saa.

Tangu hapo mambo yakaenda mrama. Opereta aliingiza keki, akazungusha swichi zote mbili, taa ikawaka ndani, feni ikavuma. Baada ya dakika arobaini akafungua mlango na kukuta uji ule ule alioumimina. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu alivuta kiti akakaa mbele ya kioo cha mlango wa oveni tangu mwanzo hadi mwisho, asije akasingiziwa, na bado ikatoka mbichi.

Kitindamimba wake, aliyekuwa na duka la dawa na sauti ya kubembelezea wagonjwa, alimshika mkono. Akamwambia, "Mama, ulidhani umewasha." Opereta akala yamini kwamba aliwasha kwa mkono wake mwenyewe. "Usijali, mama," binti akasema. "Ni umri."

Mhandisi naye akaikagua oveni. Akazungusha swichi, akaona taa, akasikia feni, akazima na kutangaza kwamba chombo ni kizima kabisa. Kama chombo ni kizima, basi kibovu ni nini? Hakuna aliyelitamka jibu, lakini wote walimtazama mama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Opereta kuliko tusi. Juma hilo hilo ndugu wawili hao walikata shauri: mama ahamie kwa Mhandisi, kwenye chumba cha nyuma, apikiwe na kuletewa. Jumapili wangekuja kupanga siku ya kumhamisha.

Opereta hakubishana. Jumatano akamwita fundi umeme, bila kumwambia mtu. Fundi alichuchumaa, akatazama saa ya oveni, akaonyesha kwa ncha ya bisibisi herufi A ndogo iliyokuwa ikiwaka kando ya namba. Akaeleza kwamba kuna mtu aliiagiza oveni ioke kwa muda fulani kisha ijizime. Muda ule ulikwisha siku nyingi, na tangu hapo oveni inangoja agizo jipya. Taa itawaka, feni itavuma, lakini moto hautakuja mpaka vile vitufe viwili vya pembeni vibonyezwe kwa pamoja. Akabonyeza. A ikapotea, na baada ya dakika tano joto likawapiga usoni.

Opereta alimwuliza kama herufi hiyo huweza kujiwasha yenyewe. Fundi akasema haiwezekani, ni lazima mtu aiwashe. Opereta aliona aibu kwamba kitaa kidogo vile kilimpita machoni, yeye aliyeishi kwa vitaa. Kisha akamkumbuka mtu fulani aliyewapa watu mgongo akirekebisha saa, na aibu ikamwondoka yote.

"Sasa nifundishe kuirudisha hiyo A," alimwambia fundi.

Fundi alidhani amesikia vibaya, lakini akamfundisha.

Jumapili wakafika wote: Mhandisi, mkewe, na Kitindamimba. Kuku alikuwa tayari kwenye trei, amepakwa ndimu na kitunguu saumu. Opereta alijitia unyonge, akasema kwa kuwa yeye haaminiki tena na moto, anamwomba Mhandisi mwenyewe awashe. Mhandisi akakunja mikono ya shati. Akazungusha swichi ya kwanza, akaeleza. Akazungusha ya pili hadi mia mbili, akaeleza zaidi. Taa ikawaka, feni ikavuma. Opereta akamwuliza binti yake kama ameona, akamwuliza na mkamwana. Wote walikuwa wameona.

Wakakaa sebuleni kujadili chumba cha nyuma. Opereta akauliza kama kina dirisha. Kinalo, dogo. Akauliza kama ataweza kujichemshia chai yake asubuhi. Mhandisi akasema kwa upole kwamba hapana, mama, utaletewa. Moyo ulimuuma kwelikweli hapo, maana mwanawe alisema kwa mapenzi kabisa, na mzaha wote aliokuwa ameupanga ulikaribia kumtoka. Akajikaza. Akamwomba aendelee.

Saa nzima ilipotimia Mhandisi aliongoza msafara kwenda jikoni, akafungua mlango wa oveni. Hapakuwa na mvuke wala harufu. Kuku alilala kwenye trei vile vile alivyoingia, amepauka, na ndimu yake. Mhandisi akamgusa kwa kidole, akakitazama kidole.

"Mwanangu," Opereta akasema kwa sauti ya kubembeleza, "ulidhani umewasha."

"Nimewasha, mama. Kwa mkono wangu. Wote wameniona."

"Usijali, baba. Ni umri."

Mkamwana akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Mhandisi alizungusha swichi huku na huku, jasho likimtoka, akarudia kwamba aliwasha, kwamba yeye si mtoto, kwamba anajua alichokifanya.

"Nami niliwaambia hivyo hivyo," mama akasema. "Mara tatu."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Opereta akaweka kidole kando ya saa, chini ya ile herufi ndogo, akamwuliza kama anaikumbuka. Mhandisi aliitazama. Kisha akasema yote: kwamba baada ya mayai hakuwa akilala, kwamba kila simu ilipolia alidhani ni majirani wanampigia kumwambia nyumba inaungua, na kwamba aliiagiza oveni ijizime baada ya nusu saa, akidhani itafanya hivyo kila itakapowashwa. Hakujua kwamba ameifunga.

Kitindamimba alimtolea uvivu kaka yake. Alimwambia amemfanya amwambie mama yake mzazi kwamba akili zinamtoka, kwa sababu ya uvivu wa kusoma kurasa mbili. Akaanza kulia.

Opereta aliwaacha wamalizane. Kisha akawaambia kwamba mayai ni yake, aliyasahau, na asiyafiche mtu. Tangu siku ile hatoki jikoni moto ukiwa unawaka. Lakini keki si zake. Na chumba cha nyuma kina dirisha dogo, kwa hiyo hakimfai. Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, A ikazimika, akamrudisha kuku ndani na kuwaambia wale njugu wakati wakingoja.

Wanawake wakarudi sebuleni. Mhandisi alibaki amesimama kando ya oveni, mikono ya shati bado imekunjwa.

"Ulijua tangu lini, mama?"

"Jumatano. Fundi alinionyesha."

"Siku nne zote hizo. Si ungenipigia simu tu, ukaniambia?"

Opereta akamtazama mwanawe, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, ambaye hakuwahi kumtakia ila mema.

"Ungeniamini?"

Mhandisi alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo, na hakuinuka hapo mpaka kuku alipoiva.