Kamba ya Mbele, Kamba ya Nyuma

Isidori alikuwa na majuma mawili tu tangu apewe unyapara wa kufunga mitambo pale mgodini Mpanda, na cheo kilikuwa bado kinamkaa kama koti la kuazima. Injinia, Mzungu mwembamba ambaye vibarua walimbatiza Bwana Korongo, alimpa kwa majaribio. Injini kubwa ya umeme ikikaa kwenye msingi wake kufikia Jumamosi jioni, unyapara ni wake. Isipokaa, ataitwa Hilari wa Tabora, fundi mwenye jina, aje na treni kuichukua kazi. Isidori aliitaka kazi hiyo kufa na kupona. Mkewe Bibiana naye alishaanza kuitwa Mama Nyapara na wanawake wa kambini, na alikuwa akiitika bila haya yoyote.

Injini ilikwisha kushushwa behewani. Ilikuwa imelazwa juu ya vyuma vya mviringo, na mbele yake mataruma ya reli yalipangwa kuwa njia mpaka juu ya msingi, ambapo bolti nne nene zilisimama ndani ya zege. Kazi ilikuwa kuivuta polepole, isimame sawasawa juu ya bolti zile, kisha ishushwe kwa jeki. Ikipitiliza, ingeanguka upande wa pili na kuharibu kila kitu.

Wavutaji walikuwa makundi mawili: wavuvi wa Karema chini ya Venansi, shemeji yake Isidori, na wakulima wa Mwamkulu chini ya mzee Ubaldo. Wavuvi walidai kwamba mkulima hajawahi kuvuta kitu kizito kuliko mbuzi. Wakulima walijibu kwamba mvuvi akipewa jembe hulitafutia maji. Ili kuepusha maneno, Isidori aliwapa wavuvi kamba ya kulia na wakulima kamba ya kushoto, akachagua wimbo ambao wote waliujua, akajiona ana akili nyingi.

Ijumaa asubuhi Venansi alianzisha wimbo. Hata hajamaliza neno la kwanza, kamba ya kushoto ikavutwa, ubavu wa kushoto ukatangulia na injini ikageuza pua kulia. Kiitikio kilipoisha ikavutwa ya kulia, pua ikarudi kushoto. Walipofika ubeti wa tatu injini ilikuwa imekaa mshazari, na chuma kimoja kikachomoka na kupita karibu na miguu ya Ubaldo. Wote wakaachia kamba. Wakulima wakaambiwa wana pupa, wavuvi wakaambiwa wavivu. Bwana Korongo alitikisa kichwa akaenda ofisini, na Isidori alijua kabisa kwamba anakwenda kumwita mtu wa Tabora.

Aliketi juu ya mataruma, akiwaza kwa nini kamba moja iliwahi na nyingine ikachelewa. Baadaye akamfuata Ubaldo, akamwomba amweleze wanavyolima pamoja huko kwao.

"Sie jembe linashuka na neno la kwanza," Ubaldo alisema. "Ukingoja la mwisho, mwenzio keshakukata kidole."

Isidori alikulia Karema akivuta mitumbwi mchangani. Kwao watu huimba mpaka mwisho, wakajaza pumzi, ndipo wakavuta. Hakuwahi kufikiria kwamba duniani kuna watu wanaovuta wimbo ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Alijiona mjinga, akacheka peke yake. Aliwajaribisha wavuvi kuvuta mwanzoni, lakini mikono yao ilikataa katakata.

Basi akawapanga upya. Wakulima wote mbele wavute, wavuvi wote nyuma waizuie. Venansi akanuna, akasema kumweka mtu wa Karema nyuma ni kumtukana.

"Shemeji, mbele anavuta yeyote," Isidori alimwambia. "Nyuma wakilegea, injini imekwenda na kazi yangu imekwenda. Huko nataka ndugu zangu."

Venansi alisugua viganja vyake. Alikwenda akaishika kamba ya nyuma.

Jumamosi wimbo ulianza tena. Neno la kwanza, injini ikasogea upana wa kiganja. Neno la mwisho, wavuvi wakakaza kamba ya nyuma, ikasimama kimya. Ubeti kwa ubeti ikapanda. Ilipokaribia bolti, mlangoni mwa jengo la mitambo akasimama mtu mwenye sanduku na viatu vinavyong'aa, na Isidori akamtambua bila kuambiwa. Alitamani awahimize watu, lakini akajizuia, akaacha wimbo uende mwendo wake.

Injini ikasimama mahali pake. Jeki zikaingia, mataruma yakaondolewa moja moja, ikashuka. Nati zikaingia kwa vidole. Bwana Korongo aliweka pima maji, akaitazama sana, kisha akamkabidhi Isidori ile spana kubwa na kumwambia akaze. Isidori alikaza huku machozi ya furaha yakimtoka, wala hakuyaficha.

Hilari alivua koti, akalikunja juu ya sanduku, akasogea.

"Nyapara, nimesikia injini ya pili iko njiani. Mie utaniweka mbele au nyuma?"

Isidori akamtazama mikono, kisha akamwuliza, kwao Tabora watu wakiimba huvuta neno lipi.