Nondo ya Kwanza

Mpishi alipanda botini amefura. Alitupa mapezi ya kuzamia kama mtu anayetupa vyombo vichafu, akavua miwani, akamgeukia mdogo wa mumewe.

"Shemeji, kabichi yangu imekwenda wapi?"

"Kabichi tena? Si ulisema umeacha jiko?"

Jiko alikuwa ameliacha nusu. Miaka tisa aliwapikia watafiti wa kituo cha bahari, akiwasikiliza wakibishana habari za matumbawe huku wakimaliza chai yake, hadi siku moja akasema hata yeye anaweza kuhesabu. Wakacheka. Akajiandikisha kozi ya kuhesabu matumbawe. Sasa ilibaki duru moja ya vipimo, na leo ndiyo siku ya mwisho. Akipeleka duru tatu, anapata cheti na kazi ya kuzamia. Akipeleka mbili, mwakani anaanza upya, na kesho asubuhi anamenya vitunguu.

Kazi yenyewe si ya kuumiza kichwa. Nondo mbili zimekitwa kwenye mwamba, mita hamsini baina yake. Shemeji, ambaye ni fundi wa mitungi ya hewa, hufunga tepu ya kupimia kwenye nondo ya kwanza na kuivuta hadi ya pili. Mpishi hufuata nyuma. Kila mita tano huweka fremu upande wa kulia wa tepu na kuandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki: matumbawe hai kiasi gani, yaliyokufa kiasi gani, yaliyopauka kiasi gani. Fremu ya tatu ndiyo yenye lile tumbawe lililojikunja kama kabichi, pana kama sufuria la watu hamsini. Leo ndani ya fremu hiyo mlikuwa na mchanga mtupu. Alidhani limekufa, akazunguka kutafuta hata mabaki, hewa ikakaribia kumwishia bure.

"Ulifunga wapi tepu?"

"Kwenye nondo."

"Nondo ipi, shemeji?"

Fundi alijikuna kichwa. "Ile ya karibu na boti."

Duru mbili za kwanza, nanga ilitiwa upande wa ufukweni. Leo nahodha alikwepa mkondo, akatia upande wa kina.

"Ulifunga ya pili! Umeniletea mwisho ukaufanya mwanzo!"

"Zote mbili zimeota majani, zinafanana kama mapacha. Na wewe ulinifuata nyuma kimya, mashavu yamejaa hewa."

Hapo ndipo palipomuuma, maana ilikuwa kweli. Kukwangua nondo ya kwanza na kuifunga utepe mwekundu kabla tepu haijavutwa ilikuwa kazi yake mpishi. Utepe aliuacha juu ya friji, katika haraka ya kuwawekea watu chai.

"Si ugeuze tu?" alisema fundi. "Ya mwisho iwe ya kwanza. Hesabu ya darasa la tatu hiyo."

"Kulia kwa leo ni kushoto kwa siku zile! Nimehesabu ng'ambo ya tepu. Matumbawe mengine kabisa."

"Nani atajua? Samaki watakushtaki?"

Mpishi aliangalia mitungi. Yote mitupu. Akaangalia kibao. Tarakimu za kabichi alizijua kwa moyo, kuziandika ni kufumba na kufumbua. Akashika penseli. Fremu ya tatu: hai... Mkono ukagoma. Hai? Hajaliona. Huenda limepauka, huenda lingali pale limenona, na yeye hajui.

Akaandika juu kabisa, kwa kukandamiza hadi ncha ikavunjika: "Tepu ilianzia nondo ya pili. Si upande ule."

Nchi kavu, mwalimu wa kozi alikuwa akisuuza vifaa kwenye beseni. Alisoma kibao amesimama.

"Kwa hiyo duru ya tatu huna."

"Sina, mwalimu."

"Mwakani basi. Na utepe usiuache." Akakirudisha kibao, akaendelea kusuuza. "Mchana tunakula nini?"

Mpishi alikwenda jikoni na nywele zinachuruzika maji ya chumvi. Alitwaa utepe juu ya friji, akaufunga kwenye kifundo cha mkono, mafundo matatu, akavuta kapu la vitunguu kwa mguu.

Shemeji alichungulia mlangoni. "Kuna chai, shemeji?"

"Chemsha," alisema bila kugeuka. "Na uangalie birika. Mdomo uko upande mmoja tu."